Kiboko cha Ishirini na Sita

Mlio ulipotoka, njiwa wote waliokuwa juu ya paa la karakana ile ya Stratford waliruka kwa mkupuo mmoja, na Bwana Pell, mzungu aliyekuwa akitengeneza picha ya sinema hapo, akajimwagia chai kwenye suruali. Watu wakapiga makofi. Jotham Wekesa akaukunja mjeledi taratibu, pindi kwa pindi, akajifanya hasikii makofi, lakini we, moyoni alikuwa anacheza ngoma! Miaka kumi na saba hakuwa ameugusa mjeledi wa maksai. Mitano ya mwisho, hapa London, alichoshika ni ufagio wa reli tu, anafagia mabehewa tangu asubuhi mpaka kiuno kinakataa kunyooka. Kumbe mkono haukusahau kitu.

Na usifikiri mjeledi huo ni kifimbo cha kuchungia mbuzi. Mpini wake ni mwanzi mrefu kumpita mtu, ngozi yake hatua nane za mtu mzima, na mwishoni kabisa kuna kiulimi chembamba cha ngozi ya swala. Kiulimi ndicho kinacholia. Kule Kitale, enzi za magari ya maksai, kila dereva alikuwa na mlio wake, na watu waliujua kama wanavyojua sauti ya mtu. Mwanamke yuko jikoni, anasikia mlio ng'ambo ya kilima, anateleka maji ya kuoga, maana anajua huyo ni wake na si wa jirani. Mlio wa Jotham ulitoka mara mbili: mdogo kwanza, halafu mkubwa unaufuata hapohapo. Wengine walijaribu kuuiga wakaishia kujikata masikio.

Kazi hii aliletewa na Daksha, fundi cherehani, ambaye baba yake alikuwa na duka Kitale na ambaye sasa alishona nguo za watu wa sinema.

"Mzee Jotham, wazungu wangu wamechanganyikiwa," alimwambia siku moja walipokutana stesheni. "Wanatengeneza picha ya walowezi na magari ya maksai. Wameleta ng'ombe wanane kutoka shambani Kent, na hakuna hata mmoja anayejua ng'ombe anafungwa wapi. Jana wamewafunga nira kwenye pembe!"

Jotham alicheka mpaka akaketi juu ya ngazi, watu wanamruka. Kesho yake akaomba likizo.

Aliwakuta ng'ombe wanene, wavivu, wamezoea kulishwa na kusuguliwa migongo. Wiki tatu aliwafundisha. Aliwapa majina, akampa kila mmoja mwenzake na upande wake, maana ng'ombe wa nira ana upande. Aliyefundishwa kulia ni wa kulia mpaka afe. Mweke kushoto uone kazi: atavuta kwa kumwegemea mwenzake, atamkanyaga, na nyuma yao gari zima litakwenda mrama. Jotham akachukua rangi nyekundu, akawapaka pembe wote wa kulia. Jioni aliwakagua, asubuhi akawakagua tena. Bwana Pell alipouliza kwa nini anahangaika hivyo, Jotham akajibu kwamba ndiyo desturi, akageuka upesi kwenda kuchota maji.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakafika kwenye kipande cha kupigwa mtu.

Katika picha hiyo mlowezi anamchapa mtumishi wake mjeledi mbele ya gari. Mwigizaji aliyekuwa mlowezi, bwana mmoja mwenye nywele za dhahabu na maringo ya kutosha kijiji kizima, alijaribu mara ya kwanza, ngozi ikamzunguka shingoni. Akajaribu mara ya pili, akajichapa sikio mwenyewe, akaketi chini analia na kutukana. Daksha ilibidi atoke nje akacheke huko.

"Basi tutatumia mkono wako," Bwana Pell akamwambia Jotham. "Kamera itaonyesha uso wake, halafu itaonyesha mkono wako tu. Daksha atakushonea mkono wa shati lake, na mkono wenyewe tutaupaka rangi uwe mweupe. Unaweza kupiga bila kumgusa mtu?"

Swali gani hilo! Jotham Wekesa kuulizwa kama anaweza kupiga hewa!

Ngoja nikueleze. Bwana wa shamba lile la Kitale alikuwa Kaburu waliyemwita Masharubu. Masharubu alikuwa na ugonjwa wa kifua, hakuwa na pumzi ya kupiga watu mwenyewe, na hilo lilimuuma sana. Kwa hiyo kazi akampa dereva, kwa kuwa dereva ana mkono. Kuchelewa, kumi. Kujibu, kumi na tano. Kuharibu mali, ishirini na tano. Yeye anaketi barazani na kahawa yake, hatua sitini, anahesabu kwa sauti. Jotham naye anapiga. Anapiga upana wa kidole kimoja kutoka mbavuni, vumbi linaruka, mlio unatikisa mabati, na anayepigwa analia kama anachinjwa. Ishirini na tano zinakwisha, mtu anachechemea mpaka nyuma ya ghala, na huko anaanguka kwa kicheko. Shamba zima walijua isipokuwa Masharubu. Jioni aliyepigwa humletea Jotham kata ya pombe ya busaa, na kumuuliza kama kilio chake kilikuwa kizuri.

Ann, binti yake, alikua akisikia hadithi hiyo. Sasa Ann alikuwa nesi London, ndiye aliyemleta babake baada ya mama kufariki, wakaishi vyumba viwili Peckham. Kila mgeni aliyepita pale baada ya kanisa alisimuliwa. "Baba yangu aliokoa migongo ya watu," Ann husema, huku anamimina chai. "Mkono ule mnaouona haujawahi kumpiga mtu hata siku moja." Wageni humwangalia Jotham kwa heshima, naye huangalia kikombe chake. Shamba hana, mke hana, gari la maksai limeoza zamani. Alichobaki nacho duniani ni neno hilo la Ann, na alijua fika kwamba si la kweli. Kulikuwa na mmoja. Huyo mmoja hakuwahi kumtaja.

"Naweza," akamwambia Bwana Pell.

Ikawa Jumamosi. Ann hakuwa na zamu, akaja kumwona babake akifanya kazi, kavaa koti lake jipya la kijivu, kabeba mandazi ndani ya kopo. Alikwenda kuwagusa ng'ombe puani, akarudi anajifuta mkono na kucheka. Daksha alikuwa amemkalisha Jotham kwenye kiti, anampaka rangi mkono wa kulia kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo.

"Tazama, Ann, babako amekuwa nusu Kaburu," akasema Daksha.

"Baba, usije ukanijia nyumbani na mkono huo," Ann akatania. "Majirani watasema nimeolewa."

Walicheka wote watatu. Jotham aliunyoosha mkono wake, akautazama ukitokeza kwenye shati la kaki, mweupe, na kicheko kikamkauka. Aliujua mkono ule. Ulikuwa wa mtu wa kuamuru, kama wa Masharubu.

"Mlete wa kupigwa!" akaita Bwana Pell.

Mtu akatokea nyuma ya gari. Alikuwa mzee, mrefu, miguu mitupu, amevaa kaptura kuukuu. Alitembea polepole mpaka mbele ya ng'ombe, akawapa watu mgongo, akavua shati.

Mgongo ule, jamani! Tangu mabegani mpaka kiunoni ulikuwa makovu matupu, yamelala hanamu, moja juu ya jingine, mengine mapana kama kidole gumba. Bwana Pell akapiga mluzi.

"Daksha, kazi nzuri sana! Umetumia nini?"

"Mimi?" Daksha akasema. "Mimi huyu sijampaka kitu."

Yule mzee akageuka. Jicho la kushoto halikuwepo. Palikuwa na shimo tu, kope zimeshonana. Lile la kulia lilimtazama Jotham.

"Habari ya siku nyingi, Jotham," akasema Njoroge.

Jotham aliuficha mkono mweupe nyuma ya mgongo.

"Juzi nilikuwa kwenye foleni hapo nje, natafuta kibarua," Njoroge akaendelea, sauti ya kawaida kabisa, kama watu waliokutana sokoni. "Bibi mmoja wa kizungu alinileta huku kumpikia, mwaka ule wa uhuru. Akafa. Sasa nauza viazi Walthamstow. Basi nimesimama kwenye foleni, nasikia mlio. Mdogo, halafu mkubwa. Nikamwambia mzungu, huyo wa kupigwa niwe mimi."

"Mnajuana?" Ann akauliza, uso umemjaa furaha. "Baba, ni mtu wa kwenu?"

"Tulifanya kazi pamoja," Jotham akasema.

Miaka sita walifanya kazi pamoja. Jotham dereva, Njoroge kiongozi wa mbele. Gari la maksai kumi na sita haliendi na mtu mmoja. Dereva anatembea ubavuni na mjeledi, na kiongozi anatangulia, ameshika kamba ya ng'ombe wawili wa mbele, anaangaliana nao uso kwa uso kila anapogeuka. Wa mbele walikuwa Meja na Kapteni, ndugu wa tumbo moja, wekundu wote wawili, nyuso nyeupe wote wawili. Jotham aliwapenda ng'ombe wale kuliko alivyompenda mtu yeyote wakati huo, na Njoroge ndiye aliyewajua.

Ikaja asubuhi moja ya mvua, mwaka wa arobaini na nne. Kulikuwa na harusi usiku wa kuamkia siku hiyo na Jotham alikuwa amekunywa busaa mpaka akasahau jina lake. Aliamka kichwa kinamgonga, akafunga nira kwa kupapasa. Njoroge alikwenda mbele kushika kamba, akasimama.

"Jotham, umewageuza. Meja ni wa kulia."

"Wewe tangulia!" Jotham alimfokea. "Nani dereva hapa?"

Njoroge akatangulia. Wakafika kivukoni, mto umejaa, gari lina magunia arobaini ya mahindi ya stesheni. Jotham akapaza sauti, maksai wakaingia majini, na katikati ya mto Kapteni akavuta kuelekea upande wake wa siku zote, upande ambao leo alikuwepo Meja. Akampanda mwenzake mgongoni. Safu nzima ikajikunja. Ng'ombe wakaanguka mmoja juu ya mwingine, wanamkanyaga huyu, wanamchoma yule pembe, maji yakawa mekundu, gari likainuka gurudumu moja, likapinduka. Nira ilimvunja Kapteni shingo, na Jotham alisikia mfupa ukikatika kupita kelele zote zile. Magunia yakaenda na mto.

Masharubu alifika juu ya farasi. Hakuuliza kuhusu watu. Aliuliza neno moja: nani?

Na Jotham, ambaye nguo zake zilikuwa bado zinanuka busaa, alinyoosha kidole. "Kiongozi," akasema. "Aliwavuta vibaya."

Ishirini na tano. Jotham alijiambia hakuna neno, atapiga hewa kama kawaida, Njoroge atalia, jioni atamwomba radhi. Akapiga ya kwanza, kidole kimoja kutoka mbavuni. Vumbi likaruka. Njoroge hakulia. Akapiga ya pili. Kimya. Kule barazani Masharubu akaacha kuhesabu.

"Lia, bwana!" Jotham akamnong'oneza.

"Sema ukweli ndipo nilie," Njoroge akajibu.

Masharubu akaweka kikombe chini, akashuka ngazi, akaja akasimama hatua tano. Akamwamuru aanze upya. Jotham akapiga, na safari hii ngozi ililala mgongoni. Nyama ikafunguka. Njoroge hakulia. Hapo ndipo hasira ilipompanda Jotham, hasira ya ajabu, ya mtu mwenye kosa. Kila Njoroge alivyonyamaza ndivyo Jotham alivyozidisha nguvu. Alitaka alie! Alitaka alie ili wawe sawa! Ya kumi na tisa ilizunguka kichwa na kiulimi kikaingia jichoni. Njoroge akapiga magoti, damu inamtoka katikati ya vidole, na hata hapo hakulia. Masharubu mwenyewe aliinua mkono kusema basi, yatosha. Jotham hakusimama. Alizimaliza zote ishirini na tano.

Kesho yake Njoroge hakuwepo shambani, na hakuna aliyemwona tena.

"Kila mtu mahali pake!" Bwana Pell akapiga kelele. Taa zikawaka, kali. Njoroge akageuka, akawapa mgongo.

Jotham akajiweka sawa. Alijiambia: piga hewa, umalize, uende nyumbani. Kamera ikaanza kunguruma. Mwigizaji akakunja uso wake wa mlowezi. Jotham akarusha, mlio ukatoka mara mbili, safi kabisa, kidole kimoja kutoka mbavuni. Ng'ombe wakashtuka.

Njoroge hakulia.

"Simamisha!" akasema Bwana Pell. "Mzee, unatakiwa ulie. Umepigwa, unalia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," Njoroge akajibu kwa Kiingereza chake cha jikoni.

Wakarudia. Mlio, vumbi, kimya. Wakarudia tena. Mara ya nne Bwana Pell alikuwa ameshavua kofia anajikuna kichwa, na mwigizaji anatabasamu.

"Labda mjeledi wa mzee huyu ni kelele tu," mwigizaji akasema. "Mguse kidogo basi. Kidogo tu, aamke."

Ann akasogea mbele. Alimwonea huruma mzee wa watu amesimama uchi wa mgongo kwenye karakana yenye baridi ile. "Mzee wangu," akasema kwa Kiswahili, kwa upole, "lia tu kidogo wamalize. Utapata homa."

"Asante, binti," Njoroge akamwambia. "Lakini silii mpaka baba yako aseme."

"Aseme nini?"

Jamani, mlango ulikuwa wazi! Ulikuwa wazi kabisa! Neno moja tu lingetosha, na mtu aliyesubiri miaka ishirini na mitano angelipokea, maana ungemsikia sauti, haikuwa na chuki. Lakini Jotham aliona uso wa binti yake umemgeukia, unangoja, na uso ule ndio ulimtia woga kuliko mto uliofurika.

"Usimsikilize, Ann," akasema. "Huyu alikuwa mvivu tangu zamani. Aliniulia ng'ombe wangu."

Mgongo wa Njoroge ukatikisika kidogo. "Jotham," akasema bila kugeuka, "uliwageuza. Nilikuambia."

"Wewe simama hapo!" Jotham akafoka. "Nani dereva hapa?"

Maneno yalimtoka hivyohivyo, yaleyale, na nyuma ya maneno ikaja hasira ileile, ikampanda kutoka miguuni. Hakumngoja Bwana Pell aseme kitu. Alirudi hatua moja, akarusha mkono, ule mkono mweupe, na safari hii hapakuwa na kidole kimoja wala nusu. Ngozi ililala juu ya mgongo wa Njoroge kutoka bega mpaka kiuno kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Nyama ilifunguka nyeupe kwanza, halafu damu ikajaa, ikafurika, ikamtiririka mpaka kwenye kaptura.

Njoroge aliyumba mbele, akashika pembe ya ng'ombe asianguke. Akavuta pumzi.

"Ishirini na sita," akasema.

"Safi! Safi! Endelea!" Bwana Pell alikuwa anapiga kelele nyuma ya kamera, hana habari.

Kopo la mandazi lilianguka. Ann alivuka kamba za taa, akaenda moja kwa moja kwenye mgongo ule, na kwanza alifanya kama nesi: akavua kitambaa cha kichwani, akakibana juu ya kidonda. Halafu mkono wake ukasimama. Kazi yake ni vidonda, alikuwa ameviona vya kila aina. Alilitazama jeraha jipya. Akayatazama makovu ya zamani. Yalikuwa yamelala upande uleule, yanaanzia palepale begani, yanaishia palepale kiunoni. Alipitisha kidole juu ya moja, juu ya jingine, juu ya jingine. Akainua macho akaliona lile shimo la jicho.

"Baba," akasema. "Alama hizi ni za nani?"

Taa zilikuwa zinavuma. Daksha alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Baba, nakuuliza. Hizi ni za mkono wa nani?"

Jotham aliuangalia mjeledi. Kiulimi kilikuwa kinadondosha damu sakafuni. Alitaka kusema Masharubu. Jina lilikuwa mdomoni, jepesi, lingetoka bila taabu, na Ann pengine angelikubali kwa sababu alitaka kulikubali. Lakini Njoroge alikuwa amegeuka na jicho lake moja, anangoja tu, na rangi ya mkono ilikuwa imeanza kumpasuka Jotham vidoleni, weusi wake unachungulia.

"Zangu," akasema. "Zote."

Akaendelea, maana sasa hakuweza kujizuia, na sauti ilikuwa ya mtu anayetapika. "Niliwageuza mimi. Meja na Kapteni. Nilikuwa nimelewa, nikawafunga nira kinyume, na Njoroge aliniambia. Aliniambia, Ann! Nikamfokea. Kapteni alipovunjika shingo, nikasema ni Njoroge. Nikampiga kwa kosa langu. Nilimtoa jicho na sikusimama. Hata Kaburu alisema basi, mimi sikusimama."

Alipiga magoti. Akavuta shati la kaki mpaka vifungo vikaruka, akaushika mjeledi kwa mikono miwili, akamnyooshea Njoroge mpini. "Chukua. Piga. Piga mpaka uchoke."

Njoroge aliuangalia ule mpini. "Sijui kupiga," akasema. "Kazi yangu ilikuwa kutangulia."

Na hapo ndipo alipolia.

Hakulia kama wanavyolia watu wa sinema. Alifungua mdomo na kikatoka kilio kirefu, kinene, kikapanda mpaka kwenye mabati ya paa, kilio cha mtu anayechomwa moto, kikaisha, kikaanza kingine. Alikuwa anazililia zile ishirini na sita moja moja, tangu ile ya kwanza. Daksha aliangua kilio naye. Mwigizaji wa maringo alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta, mweupe kuliko rangi ya Daksha. Ng'ombe wa Kent hawakuwa wamesikia kitu kama hicho maisha yao yote. Wakapandisha vichwa, macho yamewatoka, na wote wanane wakajitupa mbele kwa pamoja. Gari likaruka. Nguzo ya taa ikaanguka, ikapasuka kwa mshindo, cheche zikamwagika. Kamera ikapinduka na Bwana Pell akaikumbatia, gurudumu likampita kandokando ya mguu. Watu wakakimbia kila upande wakipiga mayowe.

Ann alikuwa amemkumbatia Njoroge, akamvuta pembeni ng'ombe wasimkanyage. Alivua koti lake jipya la kijivu, akamfunika mabegani, damu ikaloa kwenye kitambaa papo hapo. Njoroge alikuwa bado analia, lakini sasa kwa sauti ndogo, kichwa kimeinama.

"Twende, mzee wangu," Ann akamwambia. "Twende hospitali, nikushone mwenyewe."

Wakatembea kuelekea mlangoni. Njia yao ilipita alipokuwa Jotham, bado amepiga magoti, kifua wazi, mikono imenyooshwa na mjeledi juu yake.

"Ann," akasema. "Mwanangu."

Ann alisimama. Hakuwa na machozi. Aliuangalia ule mkono mweupe, halafu uso wa mwenye mkono.

"Wewe," akamwambia, "shika ng'ombe wako."

Tangu azaliwe, Ann hakuwahi kumwita babake wewe. Jotham alingoja pengine neno jingine lifuate, hata tusi. Halikufuata. Viatu vya binti yake na miguu mitupu ya Njoroge vikampita, polepole, pamoja.

Nyuma yake gari lilikuwa linavunja mbao za mandhari na mtu mmoja anapiga kelele kwamba watauawa wote. Jotham aliinuka. Aliuacha mjeledi uanguke chini. Akakimbia mbele ya ng'ombe, akaishika kamba ya wale wawili wa kwanza, mahali ambapo miaka sita alisimama Njoroge na yeye hakuwahi kusimama hata siku moja, akaning'inia kwa uzito wake wote huku wanamburuta, pembe moja nyekundu inampasua begani. Wakamburuta mpaka ukutani, hapo wakasimama, wanahema usoni pake.

Aligeuza kichwa kuangalia mlangoni. Walikuwa wamefika nje kwenye mwanga, Ann amemshika Njoroge mkono, anamwonyesha pa kukanyaga. Jotham alimwita binti yake kwa jina, mara mbili, kwa nguvu. Mlango ulikuwa karibu na lazima alisikia, lakini hakugeuka.